Erobaa iko chini au iko mbali: uguse stemu au uguse pedi?

Tuta moja mbele ya Bunju ndo limenifanya niandike hii kitu. Jumapili asubuhi, Kusi iko mgongoni inasukuma kuelekea Bagamoyo, nimelala kwenye erobaa (zile fimbo mbili za mbele na pedi zake za kulaza mikono, zinazokaa juu ya usukani) najiona bingwa, nikaliona tuta nimechelewa, nikawahi kunyanyuka na kushika usukani, gurudumu la mbele likapiga na pedi ya kulia ikang'oka upande mmoja ikabaki inaning'inia kama mlango wenye bawaba moja. Sikuanguka kwa vile mkono ulishatoka pale. Kusimama kuangalia, kumbe wiki ile nilikuwa nimeinua pedi kwa raiza za milimita 30 halafu nikarudishia boliti zilezile za zamani, zimeshika nyuzi mbili tatu tu. Kosa langu mwenyewe.

Kurudi nyumbani ni kupambana na upepo huku nimeshika usukani muda wote, na njia nzima nawaza, kwani ningeinua kwa stemu si ningemaliza? Jibu ni hapana, ila ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na wengi ninaoendesha nao wanakwama palepale. Erobaa hazijakaa sawa, mmoja anasema badili stemu, mwingine ongeza spesa, wa tatu anasema sogeza pedi, na wote wanaongea kama vile ni dawa moja yenye majina matatu.

Tuelewane maneno kwanza maana kila fundi ana lugha yake. Foki ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na stemu ni kile kipande kinachotoka kwenye shingo ya foki kwenda kushika usukani. Spesa ni pete zinazokaa kwenye shingo ya foki chini au juu ya stemu, mara nyingi za milimita 5 au 10. Pedi ni pale unapolaza mikono, fimbo ni zile mbili za mbele unazoshika ukiwa umelala, na raiza ni vipande vinavyowekwa chini ya pedi kuzinyanyua bila kugusa usukani.

Sasa hoja yangu yote iko hapa. Ukiwa umelala kwenye erobaa mwili wako unakaa sehemu tatu tu: siti, pedali na pedi. Stemu haikubebi wewe, stemu inabeba usukani na usukani ndo unabeba pedi. Kwa hiyo swali la kwanza ni pedi zikae wapi, na swali la pili ni njia gani izifikishe pale, na njia zinatofautiana kwa jambo moja kubwa ambalo ni usukani unapelekwa wapi. Maana usukani unauhitaji pia! Kwenye foleni, kwenye kona, kwenye kilima, kwenye matuta, kwenye bajaji iliyokata mbele yako bila taa.

Pedi zikae wapi

Huwezi kujua kama siti haijatulia, so anza na siti. Roadi baiki (baiskeli ya kawaida ya mbio za barabarani) nyingi bomba la siti limelala nyuzi 73 au 74 hivi, baiskeli za triatloni (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia) ziko 76 mpaka 80, yaani siti iko mbele zaidi juu ya pedali. Ukiweka erobaa kwenye roadi baiki na siti ukaiacha nyuma, ukilala paja linagonga tumbo kila pedali ikifika juu, nyonga inajikunja, na mikono inanyooka kama unaogelea. Watu wakifika hapo wanailaumu stemu, stemu haina kosa.

Sogeza siti mbele kwanza kadiri reli zake zinavyoruhusu (kuna alama za mwisho kwenye reli, usizipite), na kila ukienda mbele milimita 10 ipandishe kama milimita 3, kwa sababu ukienda mbele unakaribia pedali. Sitiposti (bomba linalobeba siti) nyingine zimepinda kwenda nyuma na kichwa chake kinakubali kugeuzwa, ukiigeuza unapata sentimita kadhaa bila kununua chochote. Angalia tu kama kibanio bado kinaruhusu siti ikae bapa.

Halafu panda kwenye trena (stendi inayoshika baiskeli upedali bila kwenda popote), au mtu akushikilie, mwingine apige video ya simu kutoka ubavuni. Pedali dakika tano kabla hajaanza kurekodi, ukirekodi mwanzoni unajirekebisha kwa aibu tu. Cha kuangalia ni mkono wa juu, kutoka bega mpaka kiwiko. Uwe umesimama karibu wima, kiwiko kimetangulia bega kidogo, na ukilinganisha na kiwiliwili pembe iwe kama nyuzi 90. Pedi iwe chini ya nyama ya mkono mbele kidogo ya kiwiko, mfupa wa kiwiko usikae juu ya pedi kabisa, utaumia kabla hujafika Kerege. Mabega yalegee. Ukiona yamepanda masikioni hapo kuna kitu.

Mwili wenyewe unasema. Ukijikuta kila dakika mbili unateleza kwenda pua ya siti na kujirudisha nyuma, pedi ziko mbali. Mabega yanabanwa na unahisi unajisukuma kurudi nyuma, pedi ziko karibu mno. Shingo inakufa baada ya nusu saa au paja linagusa tumbo wakati siti iko mbele tayari, pedi ziko chini. Mimi zilikuwa chini, ndo mambo ya raiza yakaanza.

Kuinua: spesa, kugeuza stemu, au raiza

Chukua mfano wa kuinua sentimita mbili, shingo ya foki imelala nyuzi 73 ambayo ni ya kawaida, na stemu ya milimita 100 yenye pembe ya nyuzi 6 imewekwa ikiangalia chini. Hesabu inakuja hivi:

Spesa 20 mm chini ya stemu: pedi juu 19, nyuma 6. Usukani nao juu 19, nyuma 6.
Kugeuza stemu juu chini: pedi juu 20, nyuma 6. Usukani vilevile.
Raiza 20 mm: pedi juu 20, nyuma sifuri. Usukani haujatikisika.

Angalia mistari miwili ya kwanza, ni kitu kilekile. Watu wanabishana spesa au kugeuza stemu kumbe tofauti ni milimita moja. Kugeuza ni bure, ndo tofauti, na inafaa sana kama shingo ya foki ilishakatwa fupi na hakuna pa kuongezea spesa. Ukiwa na spesa juu ya stemu zimekaa tu, zishushe chini, nayo ni bure. Ubaya wa kugeuza ni baiskeli inakuwa na shingo ya twiga, mi naona haya kidogo lakini mgongo hauoni haya.

Na zile milimita 6 za kurudi nyuma watu huwa hawazihesabu. Shingo ya foki imelala, haijasimama wima, so kila ukipanda unarudi pia, kama milimita 3 kwa kila 10. Kama tatizo lako ni chini NA mbali, spesa zinakutibu mawili kwa pamoja. Kama tatizo ni chini tu, utajikuta umeinua vizuri halafu umebanwa.

Raiza uzuri wake ni kwamba usukani unabaki pale ulipo. Kwa roadi baiki yangu usukani ulikuwa umekaa vizuri tayari, nimeuzoea mwaka mzima, kilichokuwa chini ni pedi tu. Ningeinua kwa stemu ningekuwa nimeharibu kitu kizima ili kutengeneza kibovu. Ukikutana na Kusi uso kwa uso wakati wa kurudi unataka uweze kushuka kwenye drop za usukani, zile sehemu za chini zilizopinda, ukajikunja, usukani ukiwa juu hiyo nafasi inakuwa haina maana. Na kingine, raiza hazigusi beringi. Ukigusa spesa au stemu lazima ufungue kofia ya juu, ile iliyo kileleni mwa shingo ya foki, na ukishaifungua umefungua mkazo wa beringi za foki, unatakiwa uurudishe sawasawa.

Ubaya wa raiza ni boliti. Kila raiza ya milimita 20 inataka boliti ndefu kwa milimita 20, hakuna ujanja, boliti ziingie kwenye uzi wa kutosha. Raiza nzuri zinauzwa na boliti zake ndani ya pakiti. Ukichonga za kwako au ukinunua spesa peke yake, beba boliti ya zamani mpaka dukani, ipime kwa rula, ongeza urefu wa raiza. Mi sasa hivi nasema hivi kama mtu aliyeona pedi inaning'inia barabarani. Ubaya wa pili, ukipandisha sana kwenye erobaa za kubana (zinazobanwa juu ya usukani wa kawaida), mnara unakuwa mrefu na unacheza. Milimita 20 au 30 sijasikia kitu, rafiki yangu alifika kama 60 na ukivuta zile fimbo kwenye kilima unaziona zinayumba kushoto kulia. Hapo gawana, nusu kwa spesa nusu kwa raiza.

Mafundi wengi wa mtaani watakwambia badili stemu kwa sababu ndo kitu wanachokijua na wanacho kwenye ndoo. Sio uongo, ila hawajakuona umelala.

Kuvuta karibu: stemu fupi, au kurudisha pedi

Hapa ndo hela zinapotea. Stemu fupi kwa milimita 10 inavuta kila kitu karibu kwa hizo 10: pedi, fimbo, usukani, breki. Kurudisha pedi kunavuta pedi tu, na sahani nyingi za pedi zina matundu mawili matatu au mfereji kwa ajili hiyo, unafungua boliti mbili kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), unasogeza, unafunga. Dakika kumi na hakuna shilingi iliyotoka. Ila kumbuka pedi zikirudi fimbo nazo zirudi, la sivyo mikono itakuwa inakimbilia vishikio. Fimbo za alumini zikizidi urefu unazikata kwa msumeno wa chuma, za kaboni zina msumeno wake na vumbi lake sio la kuvuta, mpe anayejua.

Kwa hiyo pedi zinashinda? Mara nyingi ndiyo, lakini kuna mahali zinashindwa. Ukizirudisha sana nyuma ya usukani zinakaa juu ya pale unaposhika ukiwa unapanda kilima umekaa, huna tena pa kuweka viganja, na ukisimama kupedali magoti yanakuja kuzisalimia. Hapo stemu fupi ina haki yake. Kipimo changu ni hiki: kama na usukani wenyewe unauona mbali, yaani hata ukishika breki viwiko vimenyooka kama fimbo, badili stemu bila kusita. Kama usukani uko freshi na ni ukilala tu ndo unanyooka, rudisha pedi, au rudi kwenye siti.

Roadi baiki zinazouzwa na stemu ya 110 au 120, ukiweka erobaa za kubana mara nyingi utaangukia 90 au 80. Chini ya hapo mi nasita. Ukilala kwenye erobaa uzito wako unaenda mbele juu ya gurudumu, na mikono iko karibukaribu katikati haina nguvu ya kusahihisha, ukiongeza na stemu fupi sana baiskeli inakuwa na wasiwasi, kila upepo wa lori unaupokea. Ukishafika kutaka stemu ya 60 ujue fremu ni kubwa kwako, au siti bado iko nyuma. Nimeshaona mtu kanunua stemu tatu kabla ya kusogeza siti sentimita mbili!

Kabla hujalipia stemu angalia na vipimo. Usukani wa kisasa mahali pa kubania ni milimita 31.8, wa zamani ni 26 au 25.4, na shingo ya foki ya kawaida ni 28.6. Baiskeli za mtumba zinachanganya haya, nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene) au nenda na baiskeli yenyewe.

Na kama ni baiskeli ya tri (triatloni) kabisa?

Kidogo historia maana inaeleza kitu. Mwaka 1989 Greg LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, imebaki kilomita 24.5 za kukimbizana na saa kutoka Versailles kwenda Paris. Akafunga erobaa za Scott alizobuni Boone Lennon, Fignon hakufunga, na LeMond akachukua Tour kwa sekunde 8. Wanatriatloni walishaanza kuzitumia kabla yake. Lakini mwaka huohuo Dan Empfield wa Quintana Roo alitoa Superform, baiskeli iliyotengenezwa kuanzia kwenye erobaa, siti imepelekwa mbele na sehemu ya mbele imeshushwa. Yaani kuna watu waliona mapema kwamba kubandika erobaa kwenye fremu ya kawaida ni kuvaa koti la mtu mwingine. Koti linavalika, ila unalikunja mikono.

Baiskeli ya tri ya zamani kidogo, yenye stemu ya kawaida, ndo rahisi kuliko zote kurekebisha. Fremu imeshakuweka mbele, una stemu unayoweza kubadili kwa bei ya kawaida, una raiza, una pedi. Kama unatafuta ya mkononi mi ningekushauri hiyo kuliko mpya ya kifahari. Zile za kisasa zenye stemu yake maalumu, mfano Canyon Speedmax au Trek Speed Concept, mchezo wa stemu kwa kweli umeisha, kila kitu ni spesa za chini ya pedi na kuteleza mbele nyuma. Zinarekebishika vizuri sana huko juu, ila kipande kikipotea au boliti ikivunjika unaagiza kutoka nje na unasubiri, na hozi za breki zimepita ndani kwa ndani, kuinua usukani wenyewe inaweza kuwa kazi ya siku nzima. Kwa hiyo saizi ya fremu lazima upatie kabla ya kununua. Kwenye roadi baiki ukikosea saizi unajiokoa kwa stemu, huku hujiokoi.

Halafu unaenda kushindana wapi? Ironman 70.3, mashindano ya triatloni, ilipokuja Rwanda 2022 pale Rubavu, kilomita 90 za baiskeli kwenye nchi ile ya vilima, muda mrefu utakuwa umeshika usukani unapanda, au umeshika breki unashuka. Mtu wa hivyo asiharibu usukani wake ili pedi zikae vizuri. Mtu wa barabara bapa ya pwani anayelala saa mbili bila kunyanyuka, pedi ndo mfalme, usukani hata ukiwa juu kidogo atavumilia.

Ningekuwa mimi ni wewe

Roadi baiki, usukani umeuzoea, pedi ziko chini tu: raiza, na boliti zake ndefu. Roadi baiki, kila kitu chini na mbali: shusha spesa zilizo juu ya stemu au geuza stemu, jaribu wiki mbili, ndo ufikirie stemu fupi. Kila kitu mbali ila urefu wa juu uko sawa: siti mbele, pedi nyuma, stemu mwisho. Usukani wa kaboni: usibane erobaa mpaka mtengenezaji aseme unaruhusiwa, nyingi haziruhusiwi, na zile zilizo bapa juu hata pa kubana hakuna.

Ukigusa stemu fuata mpangilio huu, wengi wanaukosea. Legeza boliti za ubavuni za stemu, panga spesa, halafu kaza kofia ya juu KWANZA taratibu huku za ubavuni ziko huru. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma, ukisikia gonga-gonga ongeza robo mzunguko. Inua gurudumu la mbele, usukani ugeuke wenyewe bila kukwama, ukiwa mzito punguza. Ndo sasa nyoosha stemu na gurudumu na ukaze za ubavuni kwa kupokezana. Stemu nyingi zimeandikwa 5 Nm pembeni palepale, tumia toki renchi (renchi inayopima nguvu ya kukaza), kama huna azima. Shingo ya kaboni ikikazwa kwa hasira inapasuka ndani na huoni. Geuza usukani mwisho kushoto na kulia uone waya au hozi hazivutiki, sentimita mbili za kupanda zinatosha kuzimaliza.

Halafu weka alama. Mi nabandika kipande kidogo cha teipu ya umeme nyuma ya pedi na kingine kwenye fimbo, nikipita matuta ya Tegeta nikirudi nyumbani naangalia kama kuna kilichosogea. Badili kitu kimoja tu kwa wakati, milimita 5 au 10, mbio mbili tatu ndefu kabla ya kingine.

Na shingo ya foki usiikate. Ukiweka raiza ukashusha stemu utabaki na mnara wa spesa juu yake unaonekana wa ajabu, kila mtu atakwambia kata. Yangu imekaa hivyo miezi saba, mara mbili nimepandisha stemu tena, na mara moja nimemwazima jamaa baiskeli akaipandisha yeye.